Maradhi ya Kichwa

Kwa miaka mitatu mdogo wangu Martina aliniuliza swali moja, na kwa miaka mitatu nilimjibu kwa jibu moja kati ya mawili. Swali lilikuwa, "Kaka, umesikia?" Majibu yalikuwa "nimesikia" au "sijasikia". La tatu halikuwapo.

Ugonjwa ulimwanza Agosti 1991, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati ambacho wakati huo kilikuwa kimesimama, kikisubiri mnunuzi. Alianza kumsikia mwanamume asiyeonekana. Mtu huyo hakufoka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama karani anayesoma taarifa, kwamba siku za Martina zimekwisha na ni afadhali aende mapema. Martina alilazwa hospitalini miezi miwili. Aliporudi nilimchukua nyumbani kwangu Kilakala, nilikokuwa nikiishi peke yangu tangu mke wangu afariki, na akaandikiwa sindano moja kila mwezi. Bwana Abasi, muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya akili, alinieleza mapema kwamba dawa ingeipunguza sauti ile lakini huenda isiiondoe.

Haikuiondoa. Siku moja tulikuwa tunakula barazani, akaniuliza kama nimemsikia mwanamke anayenadi ndizi. Nikasema nimemsikia, yuko nyuma ya ua wa jirani. Kisha akauliza, "Na huyu anayesema nisile, umemsikia?" Nikasema sijamsikia.

"Basi," akasema, akamega tonge lingine.

Utaratibu wetu ulianzia hapo. Alichokisikia nami nikakisikia kilikuwa cha duniani. Alichokisikia peke yake alikiacha kipite. Abasi alipouona utaratibu huo alisema ni nusu ya tiba, akanionya nisimjibu uongo hata kwa mzaha. Onyo lile halikunisumbua. Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha maji mtoni kila asubuhi na kuandika namba niliyoiona, na nilikuwa nimeifanya kwa miaka ishirini na miwili.

Alipopata nafuu aliweka cherehani barazani. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota, na watu walinunua suruali za watu warefu kuliko wao. Martina alizikata na kuzipinda. Pindo lake lilikuwa halionekani upande wa nje, na wateja walitoka hata Mzinga kumletea kazi. Wengine walileta nguo bila kumtazama usoni, lakini walileta.

Mwezi Juni 1994 nafasi yangu ya kazi ilifutwa, pamoja na nyingine kumi na nne. Septemba dawa ya Martina ikaisha hospitalini, na haikujulikana itakuja lini. Abasi aliandika jina la dawa kwenye karatasi, akanituma kwenye duka la dawa la Yusufali. Yusufali aliisoma karatasi, akapiga simu Dar es Salaam mbele yangu, akaniambia dawa ipo ila wanaouza hawafungui boksi. Nitanunua sindano sita au nisinunue kabisa, na fedha itangulie. Bei aliyoitaja ilizidi chochote ambacho mimi na Martina tungeweza kukipata kabla ya katikati ya Oktoba, ambapo nguvu ya sindano ya mwisho ingekwisha. Aliniambia faida yake ameshaiondoa kwenye bei hiyo, na nilimwamini.

Mtaani tulikuwa na chama cha kusaidiana. Nilikuwa katibu wake, na katiba niliiandika mimi. Kifungu cha sita kilisema mwanachama atachangiwa kwa msiba, kwa harusi ya mtoto wake, na kwa mgonjwa wa nyumbani kwake aliyelala kitandani. Maneno "aliyelala kitandani" niliyaweka ili kuzuia maombi ya watu wenye mafua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Laurenti, mstaafu wa reli. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote, naye akanisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza nitaandika nini kwenye barua ya kuomba mchango. Nikasema nitaandika ugonjwa wa akili. Akatikisa kichwa. Alisema watu watasoma kichaa, na kichaa hakichangiwi. Wapo wanaoamini kimetumwa, na anayekinyooshea mkono anakivutia kwake. Wengine wanaona mwenye kichaa anahitaji kamba na ndugu wenye nguvu, fedha za nini. Hakuyasema haya kwa dharau. Alikuwa amekwisha kutoa noti mfukoni mwake na kuiweka mezani mbele yangu.

"Andika kichwa," alisema. "Maradhi ya kichwa. Umebadilisha herufi moja tu, Ignas, na hujasema uongo. Kwani akili inakaa wapi? Magotini?"

Nilirudi nyumbani nikaandika barua kama alivyosema, nikampa Martina aisome, kwa kuwa sikuwahi kupeleka karatasi yoyote inayomhusu bila yeye kuiona. Aliisoma mara mbili.

"Andika kichaa," alisema. "Ndivyo wanavyoniita nikipita na mkoba wangu wa nyuzi. Hawajaniita kichwa hata siku moja."

Nilimweleza habari za boksi na tarehe. Alihesabu siku kwa vidole, akanirudishia barua. Alisema sawa, ila nijue kwamba nimeiandika mimi.

Michango ilikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Watu waliposoma maradhi ya kichwa waliona uvimbe, wakaona kisu cha daktari Muhimbili, na wakatoa. Wanachama arobaini na watatu walitoa wote. Fedha zilikusanywa na mweka hazina, Mama Magreth, mama wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni na ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kwa shilingi moja. Lakini desturi ya chama ilikuwa kwamba waliochanga huja kwanza kumjulia hali mgonjwa, na bahasha hukabidhiwa mwishoni, kando ya kitanda.

Kwa hiyo ilibidi Martina alale.

Nilimwomba asubuhi, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja. Aliuliza kwa siku ngapi. Nikasema wiki mbili. Alimaliza mguu wa pili wa suruali, akaikunja, akaingia chumbani. Nilimfunga kanga kichwani, nikaihamishia cherehani chumbani kwangu na kuifunika shuka. Alikuwa mzima kuliko wakati wowote tangu mwaka 1991, na ndipo nilipomlaza.

Walikuja wawili wawili, watatu watatu. Walileta machungwa, uji, na mafuta ya kusugua. Walisali, Wakristo kwa namna yao na Waislamu kwa namna yao. Waliniuliza kichwa kitapasuliwa lini, nikajibu kuwa wataalamu bado wanaangalia. Kila neno nililolisema lilikuwa linaweza kutetewa.

Fundi baiskeli wa mtaani, aitwaye Maneno, ni Mzigua, na kwetu Waluguru ni mtani. Alisimama mlangoni, akavua kofia kama yuko msibani.

"Nyie watu wa milimani mkishuka huku chini hewa inawazidi vichwa," alisema. "Martina, suruali yangu umeifupisha mguu mmoja. Ukifa leo, mazishini kwako nitakuja nimevaa hivyohivyo, na nitakaa mbele."

Martina alijigeuzia ukutani, mabega yakatikisika. Mama mmoja alidhani analia, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

Lakini watu hawasemi na mgonjwa aliyelala. Husema juu yake, kwa sauti ya chini, wakidhani hasikii. Kila wageni walipoondoka Martina aliniita. Yule aliyesema amekonda shingo, nimesikia? Nimesikia. Aliyeuliza hiki kitanda atarithi nani? Nimesikia. Aliyesema mlango ufungwe kwa nje? Sijasikia. Siku moja aliniuliza mara kumi na moja, na nane kati ya hizo zilikuwa za duniani. Zamani, kwa wiki nzima, hazikufika tano. Niliona hesabu inavyopanda. Nilijiambia kwamba siku zilizobaki ni chache.

Mama Magreth alikuja Jumamosi tarehe nane Oktoba, saa nne asubuhi, pamoja na jirani yake. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wake. Walikaa kwenye viti viwili kando ya kitanda, nami nilisimama mlangoni na sinia la chai. Martina alikuwa amefumba macho. Mama Magreth alimtazama kwa muda, akamwinamia mwenzake, akasema polepole, kama wasemavyo kina mama waliouguza wengi, "Mume hana, mtoto hana. Siku zake zimekwisha huyu. Afadhali aende mapema."

Nililisikia kila neno. Na kila neno nilikuwa nalijua, kwa sababu Martina alikuwa amenikariria maneno hayo tangu 1991, kama yanavyosemwa na yule mwanamume.

Akafumbua macho. Hakuwatazama wageni.

"Kaka, umesikia?"

Wote watatu walinigeukia. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, na nilifikiri. Nikisema nimesikia, Mama Magreth atajua kwamba amesikiwa, ataaibika mbele ya shahidi, na mgonjwa wa uvimbe atakuwa ameuliza swali ambalo itabidi nilieleze. Mkoba ulikuwa mapajani mwake. Katikati ya Oktoba ilikuwa wiki moja mbele.

"Sijasikia," nilisema. "Lala."

Alifumba macho. Mama Magreth alisali sala fupi, akaweka bahasha chini ya mto, akanywa chai yake yote.

Duka la Yusufali hufungwa saa saba siku ya Jumamosi. Nilikwenda kwanza dukani, nikalipa, nikasubiri risiti, ndipo nikarudi. Saa tatu zilikuwa zimepita. Martina alikuwa amefungua kanga kichwani na kuketi ukingoni mwa kitanda. Nilimwambia kwamba nilisema uongo. Mama Magreth aliyasema maneno yale, nami niliyasikia, na nilikana kwa sababu ya bahasha. Nilidhani hilo lingetosha. Katika daftari la mto, namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, ya kweli huandikwa juu yake, na aliyekosea huweka sahihi.

Aliikunja kanga mara mbili, akaiweka mapajani.

"Ile Pasaka ya mwaka juzi," alisema, "waliposema dirishani nifungwe kamba. Ulisema hujasikia."

"Sikusikia."

"Na yule wa sokoni."

"Sikusikia, Martina."

Alinitazama usoni kwa makini, kama anavyotazama mshono. "Ulivyosema leo asubuhi ndivyo unavyosema siku zote," alisema. "Sauti ni ileile. Sasa mimi nitajuaje?"

Tulikuwa na kipimo kimoja, na kipimo hicho kilikuwa mimi. Nilikuwa nimemfanya atilie shaka kila nililomkania kwa miaka mitatu.

Boksi lilifika Alhamisi. Abasi alikuja na sindano yake. Martina alimkaribisha, akamvutia kiti, akakataa kuchomwa. Hakufanya fujo. Alimweleza Abasi kwa utulivu kwamba alikuwa akidungwa kwa sababu alisikia maneno ambayo watu hawayasemi. Sasa imejulikana kwamba watu wanayasema. Kwa hiyo haumwi. Watu wanamsema tu, na kwa hilo hakuna sindano.

Abasi alinigeukia. Nilimweleza yaliyotokea Jumamosi, Martina akisikiliza. Alifunga mkoba wake wa dawa. Alisema atarudi wiki ijayo, na mlangoni alinishika bega. Heri angenilaumu.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na Martina alikataa. Kufikia mwanzo wa Novemba alikuwa hashoni tena. Mjomba wetu Alois alishuka kutoka Mgeta, kijijini kwa mama yetu, akamkuta amekaa barazani akimjibu mtu. Akasema atampeleka nyumbani. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko langu. Lakini sitamsingizia mjomba. Martina mwenyewe alifunga mzigo wake kwa furaha, na aliponiaga alinipa mkono kama mtu anayemuaga mwenye nyumba.

Mkutano wa chama ulikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Niliomba nafasi, nikasimama, nikasema kwamba mdogo wangu hakuwa na uvimbe. Ana kichaa. Nililitamka neno hilo kwa sababu yeye alikuwa amenitaka nilitumie tangu mwanzo. Nikaeleza ugonjwa wenyewe ulivyo, sindano inafanya nini na haifanyi nini, na jinsi wengi wenye ugonjwa huo wanavyofanya kazi na kulipa kodi ya nyumba wakipata dawa. Nikaeleza kwa nini alilala kitandani. Nikasema niko tayari kurudisha michango, kwa kuwa Yusufali amekubali kulichukua tena boksi.

Hakuna aliyecheka, hata Maneno. Mzee Laurenti alisema herufi ile niliipata kwake, na kama kuna wa kulaumiwa tuhesabiwe wawili. Mama Magreth hakuuliza habari za fedha.

"Mwalimu," alisema, ingawa sijawahi kuwa mwalimu, ni heshima tu ya mtaani, "siku ile alinisikia?"

"Alikusikia, mama."

Alijifunika mdomo kwa kitenge.

Michango hawakutaka irudi. Walisema fedha ya mgonjwa ikirudi kwa aliyetoa inarudi na ugonjwa. Niliomba kifungu cha sita kibadilishwe, maneno "aliyelala kitandani" yatoke. Ombi hilo likaahirishwa. Nikaomba mchango mpya wa hiari kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki ya akili, kwa jina hilohilo, bila kufichwa. Kati ya wanachama arobaini na watatu waliokuwa wamechangia uvimbe, waliochangia kichaa walikuwa saba. Mama Magreth alikuwa mmoja wao.

Kesho yake asubuhi Mwajuma, mama muuza uji ambaye nyumba yake ni ya nne kutoka kwangu, alibisha hodi. Hakutaka kuketi. Alisema ana kijana wa miaka ishirini na sita chumba cha nyuma, yuko ndani tangu 1992, na mtaa unaamini kwamba kijana huyo anafanya kazi Kilombero kwenye miwa. Nilimpeleka kwa Abasi. Kijana alikuwa na ugonjwa uleule, na sindano tano kati ya sita za Martina zilitumika kwake. Zilimfaa. Siku hizi anasukuma mkokoteni sokoni. Nimeiandika habari hii kwa kuwa ni kweli, na msomaji asiichukue kuwa faraja.

Sindano ya sita Abasi aliitunza kwa ajili ya Martina, na fedha za wale saba zilitulipia safari. Jumamosi moja ya kila mwezi mimi na Abasi tulipanda lori la kabichi linalorudi tupu, likakata kona Sangasanga, jirani na Mzumbe, likaanza kupanda. Barabara ilipoishia tulitembea saa mbili kwenye ukungu. Martina aliishi katika nyumba ya marehemu mama yetu, karibu na Mjomba Alois, na alilima njegere kwenye matuta. Alikuwa amekonda. Mjomba alisema hamdhuru mtu, anaongea tu, mchana kutwa, na siku nyingine hali chakula. Kila mara Martina alitupokea, Abasi akaitoa sindano, naye akakataa kwa heshima. Tulimweleza, tukashuka.

Safari ya saba ilikuwa Juni 1995. Jua lilikuwa limetoka, tukakaa uani. Martina alimwamkia Abasi, akamuuliza habari za njia, za watoto, za mvua za huko chini. Mimi hakunisemesha. Alikuwa hanisemeshi tangu mwezi Aprili, na nilikuwa nimehesabu kwamba ni hasira, nikaona ana haki nayo.

Abasi alipofungua mkoba wake, Martina alimsogelea na kuinamisha kichwa, kama mtu asiyetaka wengine wasikie.

"Bwana Abasi," alisema, "huyu unayekuja naye, wewe unamwona?"

Abasi alinitazama. "Namwona," alisema. "Ni Ignas, kaka yako."

Martina alimtazama, akakitazama kigoda nilichokalia, kisha akamtazama tena.

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumbishia mgeni.

Akaingia ndani, akatoka na birika na vikombe viwili. Kimoja alimpa Abasi. Kingine alikinywa mwenyewe.